Barua Niliyomsomea Mama Vibaya

12 Februari

Mjomba,

Kabla hata ya shikamoo naomba nitue mzigo, maana nikianza na salamu nitazunguka mpaka karatasi iishe na nitakuwa sijasema. Jumatatu mama alinipa barua nimsomee, na mimi nikamsomea barua ambayo haikuandikwa na mtu yeyote. Sijamwambia mtu. Hata mdogo wangu, ambaye tunalala chumba kimoja na hushtuka nikigeuka tu kitandani, hajui.

Sasa shikamoo. Hapa sote wazima. Mdogo wangu ameng'oka jino la mbele na amegundua kwamba pengo linapiga mluzi, kwa hiyo nyumba haina amani. Mama bado anaongoza wafanya usafi pale hospitali, ila akirudi havui hata viatu, anakwenda moja kwa moja jikoni kuyeyusha nta. Sufuria ndogo ndani ya sufuria kubwa, kama alivyofanya bibi. Nyumba nzima inanuka tapentaini. Chai yetu ina ladha ya kabati jipya, na mama anasema anayelalamika akanywe hotelini.

Unajua jambo lenyewe, maana alikueleza kwenye simu mwaka jana na akasema ulikaa kimya mpaka akadhani laini imekatika. Anataka kuipeleka nta ya bibi madukani, ile ya sakafu na samani, kwa jina ambalo watu walimpa bibi wakati anasugua madarasa na mtu akiinama anajiona uso wake sakafuni: Mama Kioo. Jina la mama yenu. Hakuna mtu hapa ambaye hakulipenda.

Kabla ya kulipeleka ofisi ya usajili, mama alisema lazima tuchunguze kama kuna mtu mwingine analitumia. Yeye alichunguza kwa njia yake. Alizunguka maduka arobaini na moja, akiingia kila moja kama mnunuzi: "Samahani, mna nta ya Mama Kioo?" Hawana. Hawana. Duka moja muuzaji akamjibu, "Tulikuwa nayo, imekwisha jana, ila nina hii nyingine nzuri zaidi." Mama alitoka pale akakaa kwenye ngazi ya benki dakika kumi. Baadaye akarudi kumwuliza nta ya jina alilolitunga palepale, na ile nayo ilikuwa imekwisha jana. Tulicheka mpaka tukalia.

Mimi nilipewa kuchunguza kwa kompyuta ya maktaba ya shule. Hapo ndipo kosa langu la kwanza. Ofisi ina orodha mbili, moja ya majina ya biashara na nyingine ya alama za biashara, ile inayolinda jina likishabandikwa kwenye bidhaa. Nilitafuta kwenye ya kwanza, hakuna. Niliiona ya pili. Lakini nyuma yangu walikuwa wamepanga foleni wavulana wa kidato cha juu, mmoja akasema, "Dada, unaandika kitabu?" Nikainuka. Ningesema tu "nipe dakika mbili." Sikusema. Nikarudi nyumbani nikamwambia mama, jina ni safi.

Basi Novemba tukapeleka ombi la alama, na Jumatatu hii jibu limekuja, kwa lugha ya darasani. Mama anaisoma lugha yetu kuliko mwalimu wangu, lakini ile nyingine ni kama uzio wa waya kwake, anaona ndani ila hapiti. Alisimama na mwiko mkononi. "Haya, macho yangu, wanasemaje?"

Wanasema kuna alama ya jina hilohilo, kwa bidhaa hizohizo, imesajiliwa zamani na ingali hai. Ombi lake haliwezi kukubaliwa. Ana siku tisini za kujibu, na zinaisha tarehe nne Mei.

Nikasema, "Wanasema wamepokea, wanaendelea kuchunguza, tusubiri."

Akasema bila mimi angekuwa kipofu.

Mwenye duka la jumla, ambaye ana matawi kumi na moja, amemwambia mama atachukua nta yote atakayoweza kutengeneza, ila kwanza aone cheti cha alama, mwisho wa Mei. Hataki kupanga bidhaa rafuni halafu ashtakiwe na mtu asiyemjua. Kwa hiyo unaona nilipokwama.

Jina la mwenye alama ile limeandikwa pale chini kwenye barua. Sitaliandika hapa.

Mjomba, mtu akijikuta hivi anafanyaje? Nakuuliza wewe kwa sababu wewe ndiye mkubwa pekee ninayeweza kusema naye bila kumtazama usoni. Simu ya nyumbani ni moja na ni ya mama. Nijibu kwa sanduku la posta la shule, kwa mkono wa mama wa maktaba. Hafungui barua za watu.

Mpwa wako,
Kimya


5 Machi

Kimya wangu,

Marahaba, na marahaba nyingine ya kufidia ile uliyoichelewesha. Mwambie huyo mwenye pengo asiharakishe jino lipya, mimi hapa nalipia madaktari waning'oe meno na kunirudishia mapengo yangu.

Huku ni baridi na kazi. Juzi nilinaswa ndani ya lifti kati ya ghorofa ya sita na ya saba, mimi na bi kizee mmoja na mbwa wake. Fundi wa lifti kunaswa kwenye lifti aliyoifunga mwenyewe! Bi kizee aliniuliza, "Hakuna fundi wa kumwita?" Nikamwambia yupo, ila hapokei simu. Tulikaa humo saa nzima. Goti langu la kushoto halijanisamehe mpaka leo.

Kuhusu lile jambo lako. Usimwambie mama yako kwanza. Unamjua dada yangu, akichemka hapoi mpaka sufuria ikauke. Wewe mpe wazo la jina jingine, taratibu, kama linatoka kwake. Majina ni mengi duniani. Au mwambie asubiri. Alama hizi si za milele, hiyo itaisha muda wake mwakani, na mwenyewe akiiacha ijifie basi njia itakuwa nyeupe. Mwaka si kitu. Nta haiozi.

Na usijilaumu kwa ile foleni. Hata mimi nikiwa rika lako nilikuwa naogopa foleni.

Mwalimu wako wa hesabu bado anarusha chaki? Soma sana. Nakatisha hapa, naitwa.

Mjomba


21 Machi

Mjomba, shikamoo.

Pole na goti. Nilimwuliza mama dawa ya goti bila kusema la nani, akasema lipakwe nta, na mimi nikasema haiponyi magoti, akasema ilimponya bibi, na bibi alipiga magoti miaka thelathini. Mdogo wangu alikuwa na homa siku tatu, sasa amepona na mluzi umerudi. Mwalimu wa hesabu harushi tena chaki, siku hizi anarusha kifutio.

Vifuniko vya mikebe vimefika kutoka kwa mchapishaji. Elfu mbili. Rangi ya kahawia, na katikati kuna sakafu yenye taswira ya mwanamke aliyeinama, na juu yake, kwa herufi za dhahabu, MAMA KIOO. Mama amevipanga chini ya kitanda chake kwenye maboksi, na kila jioni anavuta boksi moja, anatoa kimoja, anakifuta vumbi ambalo halipo, anakirudisha.

Nilijaribu ulivyoniambia. Nilimwambia labda tungeita Nta Bora. Akanitazama kama nimemtukana mbele ya wageni. "Hilo ni jina au tangazo la kuuza mbuzi?" Nikasema watu hubadilisha majina. Akaacha kucheka, akasema, "Nikibadili jina, basi ninauza nta. Nta kila mtu anauza." Nikamwuliza, je, akisubiri mwaka mmoja? Akasema amesubiri akiwa amepiga magoti kwenye sakafu za watu tangu nizaliwe, hana mwaka wa ziada.

Sasa nakuja kwenye jambo.

Nilikuandikia kwamba kuna mtu ana alama ile. Nikakwambia jina lake sitaliandika. Mtu mwingine yeyote angeuliza, ni nani? Wewe hukuuliza. Tena ulisema itaisha mwakani. Nimesoma nakala ya barua yangu mara nne, maana huwa naandika kwanza kwenye daftari. Sikuandika popote itaisha lini.

Mjomba, pale chini pameandikwa jina lako. Majina yako yote matatu, na hata anwani ni ya nyumba hii tunayokaa. Tarehe ni ya mwaka aliofariki bibi, miezi miwili kabla.

Ndiyo sababu nilidanganya. Sikumdanganya mama kwa ajili ya ile foleni tu. Ningeweza kumwambia kuna mtu. Sikuweza kumwambia ni wewe. Kila Jumapili anaiweka picha yako juu ya meza wakati anapiga pasi, anasema inamfanyia kampani.

Ipo methali kuhusu mdudu akulaye kutoka ndani ya nguo yako. Ilinijia nikaifukuza. Nadhani kuna sababu. Naomba tu uniambie ni ipi, na nifanye nini. Zimebaki siku arobaini na nne.

Kimya


11 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Sijapata barua. Mama wa maktaba ameshanizoea, nikifungua mlango tu anatikisa kichwa kabla sijauliza. Natumaini u mzima. Natumaini ni posta. Zimebaki siku ishirini na tatu.

Mama ameacha kazi hospitali. Mwenye duka la jumla alikuja nyumbani mwenyewe, akapiga goti kwenye sakafu yetu ya sebuleni na suruali yake safi, akapitisha kidole, akasema ataanza na mikebe mia tano mara tu cheti kikitoka. Alipoondoka mama aliniita nimwandikie barua ya kuacha kazi kwa lugha ya darasani. Nikakaa pale nikaiandika. Niliandika kila neno sawasawa, hata tarehe. Nilipomaliza akaniuliza imesemaje, nikamsomea kama ilivyo, na ndiyo mara ya kwanza tangu Februari nimemsomea kitu cha kweli. Kesho yake akaipeleka.

Usiku na mchana naona vile vifuniko.

Kwa hiyo nimefanya jambo ambalo hutaamini. Jana baada ya shule nilikwenda ofisi ya usajili peke yangu. Njia nzima nilikuwa najifunza sentensi moja kama shairi, na nilipofika dirishani ikayeyuka yote. Kulikuwa na karani mmoja, mama mtu mzima, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo. Nyuma yangu watu tisa. Akasema, "Sema, mwanangu, dirisha hili haliumi."

Nikampa ile barua. Akaisoma, akaniuliza nimefungua kampuni nikiwa na umri gani. Watu wakacheka nyuma, nami nikabaki pale pale. Nikamwuliza kama kuna njia. Akasema njia ziko, mwenye alama aandike kwamba amekubali, au bora zaidi aihamishe kabisa kwa mama, kwa hati, asaini yeye mbele ya wakili na mama asaini huku, halafu ombi linakwenda pamoja nayo.

"Mnamfahamu mwenyewe?" akauliza.

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Nikasema ni ndugu yake mama, tumbo moja. Akavaa miwani yake akanitazama vizuri. "Basi haya si ya dirishani kwangu," akasema. "Haya ni ya kukaa kikao nyumbani." Lakini akanipa fomu ya hati, na hakunitoza hata ada ya kawaida.

Nimeiweka humu ndani. Nakuomba. Usiponijibu nitajua umeipata na umeamua.

Kimya


22 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Goti lile lile. Habari ya homa ya mdogo wako imenifikia nikiwa nimechelewa hata kumpa pole, mpe. Hakuna habari nyingine huku, au zipo ila si za leo.

Barua yako ya Machi niliipata mapema. Nilikaa nayo kwenye begi la zana zaidi ya wiki mbili. Nilikuwa nashuka nayo kwenye mashimo ya lifti na kupanda nayo, imepata grisi mpaka maneno mengine hayasomeki, lakini yale ya jina langu yanasomeka. Hukukosea kitu. Ni mimi.

Ulisema nikupe sababu. Nitakuambia ilivyokuwa, uone mwenyewe kama inatosha kuitwa sababu.

Bibi yako na mama yako walikuwa wanapika ile nta, wanawauzia majirani. Mimi nilikuwa na kazi ya kubeba. Siku moja nikabeba chupa mbili mpaka kiwanda cha samani, bila kuwaambia, nikitaka niwarudie na habari kubwa. Msimamizi wa pale akapaka kwenye mlango, akaipenda. Akasema, lete jina lililosajiliwa ndipo tuzungumze. Nikaenda kujaza fomu. Palikuwa na mstari wa mwenye alama. Mama yangu alikuwa hana kitambulisho, kilikuwa kimepotea tangu mvua ilipoingia ndani. Dada yangu ningelazimika kumweleza kila kitu kabla hakijaiva. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, nikaandika langu. Nilijiambia nitabadilisha baadaye. Na labda, Kimya, labda nilipenda pia lilivyoonekana pale. Kijana wa kubeba chupa, jina lake limeandikwa kwa mashine.

Cheti kilipotoka, kiwanda kilikuwa kimepata nta ya bei rahisi kutoka kwingine. Wiki hiyohiyo mama akalazwa. Hakutoka.

Siku ya msiba watu walipopungua, dada yangu alikaa karibu yangu ukutani akasema, "Mama hakutuachia kitu ila jina lake." Nilikuwa na cheti ndani ya koti. Kilikuwa kinanichoma hapa kifuani kila nikivuta pumzi. Ningekitoa pale ningekuwa mtu mwingine leo. Miezi mitatu baadaye nilikuwa nimeshasafiri, na kila mwaka uliopita ulifanya jambo dogo kuwa kubwa. Nilikuwa nasubiri miaka kumi iishe, alama ife, mimi nibaki msafi. Mwakani. Ungenipa mwakani tu.

Haya. Ile hati nimesaini mbele ya wakili, muhuri umegongwa, nimeandika nahamisha bila malipo yoyote, na nimeituma kwa njia ya haraka. Inahitaji saini ya mama yako sehemu mbili, nimeweka alama ya penseli.

Na hili ndilo ninalokuomba. Mwambie ni sehemu ya lile ombi. Hutakuwa unadanganya, ni sehemu ya ombi kweli. Anapokuamini huwa hasomi, anasaini unapomwekea kidole. Mwekee kidole. Atapata cheti, atapata duka lake, ataendelea kupiga pasi na picha yangu mezani. Mimi na wewe tutajua, basi. Mimi nina dada mmoja tu.

Nakuomba kama mtu mzima kwa mtu mzima.

Mjomba wako


23 Mei

Mjomba, shikamoo.

Naandika haraka, nimekaa sakafuni, nimeegemeza mgongo mlangoni. Sitakiwi kuandika barua hii, na nitakueleza kwa nini.

Bahasha yako ilifika tarehe ishirini na tisa. Nilifanya ulivyosema. Nataka ujue kwamba nilijaribu, usije ukafikiri nilikuwa shujaa. Jioni mama alikuwa mezani anahesabu mikebe, nikaziweka zile karatasi mbele yake, nikasema ni za ofisi, ni sehemu ya ombi. Hakuuliza. Alifuta mkono kwenye kanga, akachukua kalamu, akasema, "Wapi?" Nikaweka kidole.

Mjomba, alikuwa hatazami karatasi. Alikuwa ananitazama mimi, anatabasamu, kalamu inashuka mahali nilipoonyesha. Ningeweka kidole kwenye hati ya kuuza nyumba angesaini. Nikaivuta ile karatasi. Kalamu ikachora meza, mstari mrefu, bado upo.

Nikamwambia, "Ngoja. Hujasoma."

Akasema, "Si umenisomea wewe."

Ndipo nikamsomea. Kwanza barua ya Februari, neno kwa neno, siku tisini na yote. Halafu jina la chini. Halafu hati yako. Sikuwahi kuongea muda mrefu hivyo bila mtu kunikatiza, na nilitamani mtu anikatize. Mdogo wangu aliacha kupiga mluzi akaja kusimama mlangoni.

Mama hakupiga kelele. Ulisema akichemka hapoi, lakini hakuchemka. Alikaa tu akikunja na kukunjua kona ya hati. Kisha akasema juu yako, "Angeniambia siku ya msiba, nilipokaa naye pale ukutani, ningempiga kofi, tungelia, ingekwisha siku ileile." Akaikunjua tena ile kona. Akasema, "Sasa imekuwa miaka tisa."

Halafu akanigeukia. "Na wewe, miezi mitatu nilikuwa nasikiliza sauti yako, nikidhani nasikiliza ofisi."

 

Asubuhi yake alizikunja karatasi zote akazitia kwenye mkoba, akaenda nazo shuleni kwangu, kwa mama wa maktaba. Nilikuwa darasani, niliwaona dirishani wanavuka uwanja. Alikwenda asomewe upya, kila mstari niliomsomea. Mama wa maktaba aliniambia baadaye kwamba yalitoka yaleyale, neno kwa neno, na mama akamshukuru na kusaini hukohuko, kwenye meza yenye mihuri ya vitabu. Tarehe mbili akazipeleka mwenyewe dirishani. Yule karani wa miwani alimwuliza, "Yule binti yako mwenye sauti ndogo hajambo?" Mama akajibu hajambo, akarudi nyumbani hakuniambia. Nimelijua kwa mdogo wangu, alikwenda naye.

Kwa hiyo alama ni yake, Mjomba, kwenye karatasi za ofisi. Ulichosaini kimefanya kazi. Lakini ombi lake mwenyewe la Novemba, hata karani hakumpa uhakika, alisema wakubwa wataamua na watamwandikia. Hospitali wameshaweka mtu mwingine kwenye nafasi yake. Mwenye duka la jumla anakuja Jumatatu.

Picha yako haipo tena kwenye meza ya pasi. Usiogope, haijachanwa. Iko kwenye droo, uso juu, niliangalia. Amesema hakuna barua itakayotoka nyumba hii kwenda kwako mpaka yako iingie kwa jina lake, kwa lugha yetu, isiyohitaji mtu wa kumsomea. Hiyo ndiyo sababu nimeegemea mlango. Namvunjia amri ili nikuombe uitii. Mwandikie. Usimwekee vichekesho vya lifti mwanzoni. Mwandikie kama ulivyoniandikia mimi kuhusu koti na cheti, hata kama ni mistari mitano. Uliniomba kama mtu mzima. Mimi nina miaka kumi na sita na nimekukatalia, na sijawahi kumkatalia mkubwa yeyote. Lakini sibebi tena la kwako. Lichukue.

Sijakuambia lililobaki. Jana imekuja bahasha kutoka ofisi, yenye muhuri wao, nyembamba. Sijui nyembamba ni nzuri au mbaya. Mama aliipokea, akaigeuza, akaiweka juu ya kabati bila kuifungua. Mama wa maktaba harudi mpaka Jumatatu, na Jumatatu ndiyo siku ya yule bwana. Tumekula chakula cha mchana sote watatu huku bahasha imekaa juu pale kama mgeni asiyekaribishwa. Mimi sikuinua macho. Nilitamani kusema "nipe nikusomee," na nilijua sina haki ya kusema, kwa hiyo nikaosha vyombo, vingine mara mbili.

Ngoja.

Kabati limelia. Lina mlango mmoja unaolia mtu akiugusa.

Anakuja koridoni. Ni yeye, najua kandambili zake, na anatembea polepole, na nasikia karatasi mkononi mwake. Huku koridoni hakuna chumba kingine ila hiki chetu, na mdogo wangu yuko nje, anapiga mluzi.

Amesimama. Hajagonga.

Naisukuma hii chini ya godoro, Mjomba. Naenda kufungua.